Giaboksi Inayosingiziwa

Ingia gereji yoyote, iwe Gerezani Dar es Salaam au kando ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, useme gari lako linaingia gia kwa shida. Kabla boneti haijafunguliwa utakuwa umeshapewa hukumu tatu nne: giaboksi imekufa, tia oili nzito, chomelea rodi, katafute giaboksi ya mtumba. Baadhi ya hukumu hizo zina chembe ya ukweli, lakini nyingi humtoa mwenye gari fedha bila sababu. Hapa nazijibu zile zinazorudiwa sana, nikikaa zaidi pale panapostahili.

"Mzee, gia ikigoma ujue giaboksi imekwisha."

Hii ndiyo hukumu ghali kuliko zote, na ndiyo inayotolewa haraka zaidi. Kati ya kiganja cha dereva na meno ya gia kuna safari ndefu. Kuna liva yenyewe, kikombe cha plastiki inamokalia, rodi au kebo, bushi za miishoni, kisha mkono wa chuma uliotokeza nje ya giaboksi. Upande wa mguu kuna pedali, masta ya juu, mpira wa kupitishia mafuta, masta ya chini, beringi, preshapleti na klachi pleti. Vyote hivyo si giaboksi. Kimoja kikiharibika, mkono unahisi jambo lilelile: ugumu.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji hata spana. Simamisha gari mahali tambarare, vuta handbreki, zima injini. Kanyaga klachi na upitishe gia zote, ya kwanza hadi rivasi. Kisha washa injini urudie. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inaunguruma, klachi haiachii; injini bado inaizungusha shafti ya giaboksi ingawa pedali iko chini kabisa. Zikiwa ngumu hali zote mbili, anza kukagua liva, rodi na kebo. Na kama zote zinaingia vizuri gari likiwa limesimama, ila gia moja tu, tuseme ya pili, inakwaruza ukiwa mwendoni, hapo una haki ya kuishuku giaboksi yenyewe, hasa sinkronaiza ya gia hiyo, ile pete ya shaba inayolinganisha mwendo kabla meno hayajakutana.

Rivasi nayo ni shahidi mzuri. Magari mengi hayana sinkronaiza kwenye rivasi, kwa hiyo hakuna kitu cha kuficha kosa. Injini ikiwaka gari likiwa limesimama, kanyaga klachi, subiri sekunde chache, chomeka rivasi. Ikilia, shafti inazunguka. Fundi anayekwambia giaboksi ishushwe kabla ya kufanya kipimo hiki anakuuzia siku mbili za kazi.

"Klachi nimeweka mpya juzi tu, haiwezi kuwa klachi."

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu neno klachi linawapeleka moja kwa moja kwenye pleti. Pleti mpya haijiachii yenyewe, inaachiwa na mafuta. Mafuta hayo ni yale yale ya breki, DOT 3 au DOT 4 kwa magari mengi, na yana tabia ya kunyonya unyevu. Unyevu huleta kutu ndani ya silinda, kutu hukwaruza raba ya pistoni, mafuta huanza kuponyoka. Masta ya chini ikivuja utaona: funua kifuniko chake cha raba na utakuta majimaji. Masta ya juu ina hila zaidi, maana inaweza kuvuja kwa ndani bila tone moja kudondoka chini. Dalili yake ni pedali inayozama polepole ukiwa umeikanyaga kwenye foleni, na gari linaanza kusogea bila wewe kutaka.

Kuna dalili nyingine ambayo dereva mwenyewe huizoea bila kuitilia maanani. Akipampu pedali mara mbili tatu, gia inaingia. Hapo kuna upepo ndani ya mfumo au raba imechoka. Mpira wa kupitishia mafuta nao ukizeeka hutanuka ukikanyagwa, na nguvu iliyokusudiwa kusukuma uma wa klachi inaishia kwenye huo mpira. Kuna pia makosa ya kufunga: pleti iliyogeuzwa kinyume, meno ya shafti yaliyopakwa grisi nyingi au yasiyopakwa kabisa, beringi ndogo kwenye mkia wa krenki iliyosahauliwa mahali pake, ikakauka na kuiburuza shafti. Na kuna lile la kuchekesha, kapeti nene ya mlangoni iliyokatwa ikawekwa sakafuni, pedali ikawa haifiki mwisho. Mchezo wa kawaida wa juu ya pedali ni kama milimita 5 hadi 15. Ukizidi sana, safari inayobaki haitoshi kuachanisha pleti na flaiwili.

Aliyejazia oili ya injini kwenye kikopo cha klachi ajiandae kubadilisha raba zote. Zinavimba.

"Tia oili nzito, gia zitalainika."

Kinyume chake ndicho kweli. Pete ya shaba ya sinkronaiza ina mifereji midogo kwa ndani, na kazi ya mifereji hiyo ni kukata utando wa oili ili pete ishike koni ya gia kwa msuguano. Oili ikiwa nzito mno, utando haukatiki upesi, pete inateleza, na gia inagoma au inakwaruza. Ndiyo maana gari linaloamka Njombe au Limuru asubuhi ya baridi hukataa gia ya pili kwa dakika chache, kisha linatulia oili ikishapata joto. Hilo peke yake si ugonjwa. Wanaotia namba 140 kwenye giaboksi ili kuua mlio wa beringi hufanikiwa kuua mlio. Beringi inaendelea kuliwa kimya kimya, na sasa gia nazo ni ngumu.

Niongeze hapa kwamba namba za oili ya gia na za oili ya injini hazipimwi kwa kipimo kimoja. Oili ya gia namba 90 haina uzito unaozidi mara mbili ule wa oili ya injini namba 40. Zikiwa za moto, ziko karibu karibu. Kwa hiyo anayeogopa 80W-90 kwa kuwa namba ni kubwa, akamimina ya injini badala yake, ameogopa bure. Ingawa, na hapa ndipo kitabu cha gari kinapokuwa na thamani, Honda nyingi za zamani za gia za mkono ziliandikiwa oili ya injini na kiwandani kwenyewe, na giaboksi nyingine hutumia mafuta mekundu ya otomatiki.

Ugomvi wa GL-4 na GL-5 nao umetiwa chumvi. GL-5 ina viungo vikali zaidi vya kuhimili mgandamizo kwa sababu ya meno ya difu. Ndani ya giaboksi, viungo hivyo vinaweza kuifanya pete ya shaba iteleze, na aina nyingine zikipata joto zinaishambulia shaba yenyewe. Lakini Toyota kadhaa zimeandikiwa GL-4 au GL-5, yoyote kati ya hizo. Fuata kitabu. Kama kinasema GL-4 peke yake, usikubali kuambiwa kuwa namba kubwa ni bora. Muda wa kubadilisha, kwa vitabu vingi, uko kati ya kilomita 40,000 na 80,000, na wanaotimiza hata huo wa juu ni wachache.

"Bushi ni plastiki tu, kata kipande cha ndala."

Nakubali kwamba kipande cha ndala kitakufikisha nyumbani. Mabishano yanaanza pale kinapoachwa humo miezi sita. Bushi ya plastiki imechongwa ili liva isogee pale inapotakiwa na isisogee kwingine. Raba laini inabonyea, na kila milimita inayobonyea inatolewa kwenye safari ya gia. Gia inaingia nusu, meno yanashikana kwa ncha, na baada ya muda gia inachomoka yenyewe. Hapo sasa giaboksi imeharibika kweli.

Kwenye Hilux na pikapu nyingi zinazoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, liva inashuka moja kwa moja juu ya giaboksi na kukaa kwenye kikombe cha plastiki. Kikilika, liva inacheza kama mwiko ndani ya chungu kitupu. Dereva anatafuta ya tano anaambulia ya tatu gari likiwa kasi, na injini inapiga yowe. Kukibadilisha ni kazi ya kufanyia ndani ya gari: unafungua kava, unang'oa liva, unasafisha, unapachika kipya. Giaboksi haishuki, na spea yenyewe ni ya bei ndogo kuliko saa ya fundi.

Hiace iliyotoka mwaka 2004 ina habari nyingine, sawa na Probox ya gia za mkono. Liva haiko juu ya giaboksi bali imeunganishwa nayo kwa kebo mbili. Kebo moja huchagua njia, kushoto na kulia. Nyingine huchomeka gia, mbele na nyuma. Ukilijua hilo, unaweza kutambua kilichokatika ukiwa umekaa kwenye kiti. Kama unapata ya tatu na ya nne tu, kebo ya kuchagua ndiyo imechomoka, kwa sababu giaboksi nyingi za gia tano zina springi zinazorudisha mkono katikati, kwenye njia ya tatu na nne. Kama liva inakwenda mbele na nyuma bila uzito wowote na gari limebaki kwenye gia lilimokuwa, ni ile nyingine. Mara nyingi kebo yenyewe ni nzima. Kilichopasuka ni kijicho cha plastiki mwishoni. Ukikwama barabarani, zima injini, shika ule mkono wa chuma juu ya giaboksi, uusukume hadi gia ya pili, na utaondoka taratibu kwa gia hiyo moja hadi penye fundi.

Na liva iliyokatika? "Chomelea tu," wanasema. Ikiwa imekatika juu, karibu na kirungu, sina neno. Chini, ile ncha inayoingia kwenye vichagulio na lile tufe inalozungukia vimepikwa viwe vigumu. Moto wa kuchomelea unavilainisha, na vitaliwa upesi. Rodi iliyochomelewa ikapungua urefu kidogo nayo inahamisha njia zote za gia. Anayechomelea bila kuing'oa, waya wa athi akaubana upande wa pili wa gari, anapitisha umeme kwenye beringi na kuziachia vishimo.

Swali ambalo haliulizwi ni kwa nini liva ya chuma ikatike. Haikatiki kwa uzee. Inakatika kwa sababu mtu alikuwa akiilazimisha, na alilazimisha kwa sababu klachi haikuwa ikiachia. Nikiona liva imechomelewa mara ya pili, naenda kwanza kuangalia kikopo cha mafuta ya klachi.

"Madereva wa malori hawakanyagi klachi, gia zinaingia tu."

Baadhi ya malori, hasa yenye giaboksi za Eaton Fuller, hayana sinkronaiza kabisa. Dereva hulinganisha mwendo wa injini na wa shafti kwa sikio na mguu, na meno yake makubwa yametengenezwa kustahimili hilo. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya magari mengi kabla Cadillac haijaleta sinkronaiza mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwenye saluni, ukifanya hivyo kazi yote ya kulinganisha inaiangukia pete nyembamba ya shaba. Itaingia leo na kesho, halafu utakuja kulalamika kwamba ya pili inakwaruza.

Kuhusu kuweka mkono juu ya liva muda wote: uzito wa mkono unafika hadi kwenye uma ndani ya giaboksi, na uma unabaki ukisugua pete inayozunguka. Haiharibiki kwa wiki, lakini hakuna faida yoyote ya kuusuguisha.

"Gia ya kwanza inagoma gari likisimama, kuna kitu kimevunjika."

Hapana. Meno yamesimama uso kwa uso. Achia klachi, kanyaga tena, au gusa ya pili kwanza halafu rudi ya kwanza. Ikitokea mara mojamoja, endelea na safari.

Gia kuchomoka ni jambo jingine, na jibu la kuifunga liva kwa mpira wa tyubu lilifaa liwe mzaha. Tazama kwanza mauntini za injini; zikikatika, injini inajinyanyua ukikanyaga mafuta na kuivuta rodi. Tazama pia kama ngozi au kava la liva ni gumu kiasi cha kuirudisha nyuma. Vikiwa vizima vyote, basi ni springi na gololi za ndani zinazoshikilia gia mahali pake, au meno yaliyokwisha, na hapo fundi wa kushusha giaboksi apewe nafasi yake.

Mwisho kuna ile giaboksi ya mtumba, dawa ya kila ugonjwa. Sikatai kwamba kuna siku inahitajika. Kabla ya kulipa, hesabu meno ya shafti ulinganishe na klachi pleti yako, hakikisha ni ya injini ile ile, maana ya dizeli na ya petroli mara nyingi hazifungani, na mwombe muuzaji amwage oili kidogo. Unga mwembamba wa rangi ya dhahabu ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida. Kisha kumbuka kwamba inauzwa bila masta za klachi. Ukiifunga kwenye masta ile ile inayovuja, gia zitagoma kabla hujatoka getini.