Ngoma Tunacheza, Maneno Hatujui

Jamani, tuseme ukweli. Kila mwaka chuoni kwetu hapa Nairobi kuna wiki ya utamaduni, na kila mwaka naenda. Shuka, shanga, mursik kwenye kibuyu, picha za simu, basi. Mwaka huu nilimuuliza kijana aliyecheza isukuti ule wimbo unasema nini. Akacheka: "Sijui bana, tulifunzwa kucheza tu."

Hapo ndipo ninapogomba. Mwaka 1968, katika mji huu huu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Kiafrika ikae katikati na masimulizi yetu yasomwe kama mzizi wake. Hawakudai shanga. Walidai maneno yasikilizwe, yachambuliwe, yabishaniwe.

Mtaniambia watu wanakuja kufurahi. Sawa, nami nafurahi. Lakini wimbo usiojua maana yake ni vazi la kukodi: kesho unalirudisha. Mwakani, kabla ya ngoma, mwimbaji apewe dakika tano atufafanulie wimbo kwa Kiswahili. Asipoweza, amlete nyanya yake. Mimi nitakaa kiti cha mbele.