Lugha ya Kazi Ifundishwe Kiwandani

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo na mafunzo. Lakini maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Katika viwanda vya nguo vya Athi River, Mkamba, Mluo na Mkisii huketi bega kwa bega, Kiswahili cha sokoni wanacho, ila kuuliza "Umeme umezimwa?" kabla ya kubadilisha sindano, au kumwambia msimamizi kwamba kipimo kimekosewa, kunahitaji maneno na ujasiri unaofundishwa. Wenye viwanda husema masomo hula muda wa uzalishaji. Ni kweli, lakini oda nzima inayofumuliwa na kushonwa upya hula zaidi. Itengwe robo saa kila zamu, ndani ya saa za malipo, na msimamizi naye akae darasani.