Bunduki nafuu si ile yenye bei ndogo dukani

Msimu wa mavuno ukishapita hapa Dodoma, fedha ya alizeti, karanga na zabibu huanza kuzunguka. Soko la Majengo linachangamka na kila mwenye chochote mfukoni ana mpango wake. Yupo anayewaza bati, yupo anayetaka pikipiki, yupo anayeongeza mtaji wa nafaka. Hawakosekani pia wanaoulizia bunduki, wengine kwa ajili ya kulinda shamba, wengine kwa uwindaji halali wa leseni.

Swali lao la kwanza huwa ni bei. Kwa mtazamo wangu, hilo lilipaswa kuwa swali la mwisho. Mkulima au mfanyabiashara mdogo anatakiwa ajiulize kwanza: nitaitumia kwa mnyama gani, kwa umbali gani, na nikishainunua nitabaki na fedha ya risasi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bunduki ni mali ya namna hiyo. Anayehesabu bei ya dukani peke yake hujikuta ameuza ng'ombe wawili kununua chuma ambacho hana uwezo wa kukilisha risasi, wala hajawahi kukijaribu shabaha.

Kibali kwanza, duka baadaye

Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Maombi huanzia chini, kwa uongozi wa mtaa au kijiji, kisha hupanda kwenye kata, wilaya na mkoa hadi yafike kwa msajili wa silaha. Usitoe fedha ya bunduki kabla ya hatua hizo kukamilika. Fedha iliyolala dukani ukisubiri kibali ni mtaji uliokufa.

Wapo watakaokuambia kuna njia ya mkato, kwamba ipo bunduki "safi" kwa nusu ya bei. Ikimbie. Mwaka 2016 Polisi waliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na mwaka 2022 Serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha zisizo halali. Bunduki isiyo na karatasi huwezi kuitoa ndani mchana, huwezi kuiuza na huwezi kuinunulia risasi dukani. Hiyo si bei nafuu, ni kesi uliyoilipia mwenyewe.

La pili, leseni ya bunduki si leseni ya mnyama. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya Serikali, na kuwinda kunahitaji leseni yake. Hata mnyama aliyeuawa katika kulinda maisha au mali lazima taarifa yake itolewe kwa maofisa wanyamapori, na nyara zake ni za Serikali. Makosa mengi ya wanyamapori husikilizwa kama uhujumu uchumi. Anayenunua bunduki akidhani atauza kitoweo mtaani na kurudisha mtaji wake, amekosea hesabu kuanzia mstari wa kwanza.

Kazi ndiyo inayochagua bunduki

Wengi huanza na jina la kiwanda. Waanze na kazi.

Kama shida yako ni kanga, kware na sungura, au nguruwe pori wanaofukua karanga karibu na boma, huhitaji raifo wala darubini. Bunduki ya marisau, ile wengi wanayoiita shotigani, ya mtutu mmoja kipimo namba 12 inatosha. Ni rahisi kutunza, haina vyuma vingi vya kuharibika na risasi zake ni za kawaida. Marisau madogo hupoteza nguvu yakivuka mita 35 au 40, na kwa mtu mwenye majirani hiyo ni nafuu kubwa. Risasi ya raifo huweza kusafiri kilomita kadhaa, na ikikosa mnyama haiulizi shamba la nani liko mbele.

Kama una nia ya kuwinda swala, ngiri au tandala kwa leseni, hapo ndipo raifo inapoingia. Kwa nyati hesabu ni nyingine kabisa, kwani kipimo cha chini kinachokubalika kwa wanyama hatari wa aina hiyo ni .375. Bunduki hizo ni ghali, risasi zake ni ghali zaidi, na zinapiga bega kwa nguvu. Mwenye mfuko mdogo aachane nazo.

Chagua risasi kabla ya bunduki

Duka likikuwekea mbele raifo za vipimo vinne, chukua ile ambayo risasi zake umeziona kwa macho katika maduka zaidi ya moja. Vipimo vya .308 na .30-06 ni vya zamani na vinatengenezwa na viwanda vingi duniani. Cha kwanza kimekuwapo tangu mwaka 1952, cha pili tangu 1906. Kwa swala na ngiri vyote vinatosha na kubaki. Kipimo kipya chenye sifa nyingi magazetini huko Marekani kinaweza kukuacha na bunduki nzuri na sanduku tupu.

Usidanganywe pia na ukubwa. Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 ambayo wenzake waliidharau. Leo sheria haziruhusu jambo hilo, wala hatulisifu. Somo lake ni kwamba mnyama huangushwa na mahali risasi ilipoingia. Bunduki inayokupiga bega hadi ukafumba macho itakufanya ujeruhi mnyama, naye mnyama aliyejeruhiwa ni mateso kwake na hatari kwa atakayekutana naye porini.

Mtumba si dhambi

Kuhusu raifo iliyotumika, nasema wazi kwamba kwa mwenye kipato kidogo mara nyingi ni chaguo bora kuliko mpya ya bei ya chini. Raifo za komeo, zile unazovuta na kusukuma kwa mkono kila risasi, zimejengwa zaidi kwa mfumo wa Mauser wa mwaka 1898, nao hauchoki haraka. Brno za Kicheki ni mfano mzuri. Kwa zilizo mpya, viwanda vya Marekani kama Savage, Ruger na Mossberg vina matoleo ya bei ya chini yenye kitako cha plastiki. Si nzuri kwa macho, lakini zinalenga vizuri.

Kabla ya kulipa, hakikisha haina risasi, kisha toa komeo na tazama ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga. Mifereji ionekane mikali na ing'ae. Ukiona vishimo vyeusi, ni kutu. Raifo nyingi za zamani za .303 zilizotoka jeshini zina ugonjwa huo, kwa sababu risasi za kijeshi za enzi zile ziliacha chumvi ndani ya mtutu. Pitisha kidole nje ya mtutu kutafuta uvimbe. Angalia kitako pale kinapokuwa chembamba nyuma ya kifyatulio, maana hapo ndipo hupasuka. Mwisho, linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye karatasi. Uhamisho wa umiliki upitie polisi, si kwa maelewano ya kijiweni.

Darubini kubwa ya nini?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anaona darubini inayokuza mara 24 anafikiri ataona swala aliye Kondoa akiwa Chamwino. Vichaka vya uwanda huu wa kati havitoi nafasi hiyo. Mara nyingi mnyama anaonekana akiwa ndani ya mita 100, na kwa umbali huo ukuzaji mkubwa hukuonyesha manyoya tu bila kujua ni ya bega au ya paja. Jua la saa sita nalo hufanya hewa icheze, na ukikuza sana unakuza mtetemo huo pia.

Darubini ya kukuza mara 4 yenye kioo cha milimita 32 inatosha. Gawanya kioo kwa ukuzaji, yaani 32 kwa 4, unapata 8. Huo ni upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka kwenye darubini kuelekea jichoni. Darubini ya mara 9 yenye kioo cha milimita 40 inakupa kama 4.4 tu. Asubuhi na jioni, wanyama wanapotembea, ile ndogo na rahisi ndiyo inayoona vizuri zaidi.

Epuka darubini za bunduki za upepo. Hazikujengwa kuhimili msukumo wa raifo na hulegea ndani baada ya risasi chache. Pima umbali wa jicho pia. Ikikutaka usogee karibu sana, siku moja itakupasua nyusi. Fedha unayookoa kwenye ukuzaji itumie kwenye vishikio vya chuma vinavyoibana darubini juu ya bunduki, maana vikilegea, hata darubini ya bei kubwa haina kazi.

Ukishaifunga, irekebishe kwa mita 100 kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, ukiegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Kwenye darubini nyingi kila mlio mmoja wa kitufe husogeza risasi kwa kama milimita 7 kwa umbali huo. Risasi ya .308 iliyorekebishwa hivyo hushuka kwa kama sentimita 10 ikifika mita 200. Kwa mwindaji wa kawaida hayo ndiyo mahesabu yote anayohitaji.

Na kama fedha haitoshi, anza bila darubini. Raifo nyingi za zamani zina alama za kulengea za chuma, na kwa mita 80 mtu aliyefanya mazoezi hakosi.

Gawanya kila shilingi kumi

Ushauri wangu ni huu. Katika kila shilingi 10 ulizotenga, shilingi 5 ziwe za bunduki, 1 ya darubini na vishikio, 2 za risasi, 1 ya sanduku la chuma lenye kufuli lililofungwa ukutani, na 1 ya ada, safari za kufuatilia kibali na mafuta ya kusafishia. Bunduki ikivuka nusu ya fedha yako, hiyo si ya kiwango chako.

Risasi za mazoezi zisionekane hasara. Asiyewahi kupiga risasi 20 kwenye shabaha hana haki ya kupiga hata moja kwa mnyama. Waliopitia mgambo wanalijua hili.

Labda huhitaji bunduki

Mwisho, niseme lisilopendwa. Wengi wanaotaka bunduki ya shamba hawaihitaji. Kwelea kwelea wanaoshambulia mtama na uwele hawamalizwi kwa marisau, ni kazi ya ndege ya kunyunyiza dawa kwenye mazalia yao, na kazi yako ni kutoa taarifa mapema. Tembo wanaotoka mapori ya Swagaswaga na Mkungunero hawafukuzwi na bunduki ya mkulima, ukimjeruhi mmoja umeleta msiba kijijini. Nchini Kenya, mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kuwa uzio wa mizinga ya nyuki hupunguza tembo kuingia mashambani, na mkulima anavuna asali. Kwetu, ambako asali ina soko na ufugaji nyuki si jambo geni, mizinga kumi huenda ikarudisha fedha ambayo bunduki haitarudisha kamwe.

Halmashauri nazo zisikae pembeni. Askari wa wanyamapori mmoja anayefika kwa wakati ana faida kuliko raifo ishirini mikononi mwa watu wasio na mafunzo. Polisi wa wilaya nao wakipanga siku za mafunzo ya shabaha kwa wenye leseni watakuwa wamewalinda wamiliki na majirani zao.

Ndugu msomaji, kama baada ya daftari hilo bado unaona bunduki inakufaa, inunue kwa karatasi, nunua ya kawaida, na ubakize fedha ya risasi.