Maneno ya Kiingereza na Maana Zake: "CHARGE"

Neno "charge" ni fupi, lakini maana zake ni nyingi, na mkulima wa Kibomet, karibu na Kitale, hukutana nalo mahali pengi. Fundi wa baiskeli akisema, "I charge two hundred shillings," ujira wake ni shilingi 200. Kitu kitolewacho "free of charge" ni cha bure. "He was charged with theft" maana yake alishtakiwa kwa wizi. "The bull charged him", fahali alimshambulia.

Vijineno vidogo navyo vyataka uangalifu. "The nurse is in charge of the child": muuguzi ndiye msimamizi wa mtoto. "The child is in the charge of the nurse": mtoto yu katika ulinzi wa muuguzi. Karani akiandika kwamba mkubwa wake yu "in the charge of" tarishi, amemfanya tarishi kuwa mlezi wa mkubwa!

Asili ya neno hili ni Kilatini, likapitia Kifaransa cha kale, nalo lilikuwa na maana ya kupakia mzigo garini. Ndiyo sababu bei ni mzigo wa mnunuzi, shtaka ni mzigo wa mshtakiwa, na madaraka ni mzigo wa msimamizi.

Shamba pia hubebeshwa mzigo. Aliyezoea "charge" kuwa ni ada aweza kusoma "charge over the land" akadhani ni gharama ya karatasi, akatia sahihi. Kumbe ameweka shamba rehani. Kwa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, shamba hilo hubaki mali ya mwenyewe, lakini ni dhamana ya deni. Asipolipa kwa muda wa mwezi 1, mkopeshaji aweza kumpa notisi ya kulipa isiyopungua miezi 3. Akizidi kushindwa, hupewa notisi nyingine ya siku 40 zisizopungua, ndipo shamba liweze kuuzwa. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani pasipo idhini ya mume au mke aishiye humo.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi kabla ya kutia sahihi, msomaji na aulize: "charge" hii ni ada, au ni mzigo juu ya shamba?