Karatasi ya Mauzo na Iseme Kweli

Ipo desturi mbaya iliyoota mizizi katika biashara ya viwanja na nyumba nchini. Muuzaji na mnunuzi wakisha kupatana bei, huandikiana karatasi mbili. Ya kwanza, yenye bei ya kweli, hufungiwa sandukuni. Ya pili, yenye bei ndogo, ndiyo hupelekwa ofisini ili kodi ikadiriwe kwa hiyo. Wengine huyaita mauzo zawadi. Wengine huiacha hati katika jina la mwenye mali wa zamani, na mnunuzi akapewa idhini ya uwakilishi tu, kana kwamba yeye ni mtumwa wa njiani na si mtu aliyetoa fedha zake.

Jambo hili haliwahusu wakazi wa miji mikubwa peke yao. Linaihusu pia miji midogo inayokua, kama Itigi, mkoani Singida. Itigi ni mji wa Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Leo mji huo una halmashauri yake, una Hospitali ya Mtakatifu Gaspar inayohudumia wagonjwa kutoka mbali, na una jasi inayochimbwa katika ardhi yake. Reli mpya ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2021, imepangwa kupita hapo. Mahali kama hapo ardhi haiwezi kubaki na bei ya jana.

Sasa na iulizwe: kiwanja kilichonunuliwa kwa bei ndogo kikiuzwa kwa bei kubwa, ni nani aliyeleta ongezeko hilo? Kama mwenyewe amejenga nyumba au amechimba kisima, hiyo ni jasho lake. Lakini kama kiwanja kimekaa vile vile na bei imepanda kwa sababu ya reli, barabara na hospitali, ongezeko hilo limeletwa na umma. Mwalimu Julius Nyerere aliligusa suala hili katika andiko lake la mwaka 1958, Mali ya Taifa, alipotenganisha ardhi yenyewe na kazi ambayo mtu ameitia katika ardhi hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kwa hiyo anayetoa sehemu ya ongezeko hilo kuwa kodi hanyang'anywi kitu. Anarudisha sehemu ya kile alichopewa na wenzake.

Wala sehemu hiyo si kubwa kupita kiasi. Muuzaji aliye mkazi wa nchi hutozwa asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Ushuru wa stempu juu ya hati ya mauzo ni asilimia 1 ya thamani. Isitoshe, sheria imewakumbuka wanyonge. Shamba la mtu binafsi lenye thamani isiyofika shilingi milioni 10, ambalo limelimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, halitozwi kodi ya ongezeko. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi nayo imesamehewa, ikiwa faida yake haizidi shilingi milioni 15. Mkulima anayedai nafuu hiyo hakwepi kodi. Anatumia haki yake, na asione haya kuidai.

Anayeandika bei ya uongo ni mtu mwingine kabisa, na mara nyingi hajui kwamba anajiumiza mwenyewe. Chukua mfano wa kiwanja kilichonunuliwa zamani kwa shilingi milioni 4, ambacho sasa kinauzwa kwa milioni 20, lakini karatasi ikaandikwa milioni 5. Muuzaji, ambaye alipaswa kulipa shilingi 1,600,000, sasa analipa 100,000. Mnunuzi naye, badala ya ushuru wa stempu wa shilingi 200,000, analipa 50,000. Wote wawili wanapeana mikono na kucheka.

Lakini mnunuzi huyo akija kukiuza kiwanja kwa milioni 25, faida yake ya kweli itakuwa milioni 5, na kodi yake shilingi 500,000. Karatasi yake, hata hivyo, itasema kwamba alinunua kwa milioni 5 na amepata faida ya milioni 20. Atadaiwa shilingi 2,000,000. Yaani ameokoa shilingi 150,000 za stempu, akajitwika shilingi 1,500,000, ambazo ni kodi ile ile aliyoikimbia muuzaji. Asiyejua maana haambiwi maana.

Hasara haiishii hapo. Kwa Sheria ya Ushuru wa Stempu, hati ambayo haikulipiwa ushuru unaostahili haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ilipiwe. Mgogoro ukizuka, karatasi ya sandukuni haina sauti, na karatasi ya ofisini inasema uongo. Idhini ya uwakilishi nayo, kwa kawaida, hufa pamoja na mtu aliyeitoa. Muuzaji akifariki, warithi wake wanaweza kusimama na kusema kwamba kiwanja ni cha baba yao, kwa kuwa hati bado ina jina lake. Ndipo mjane au yatima wa mnunuzi anapotolewa nje ya nyumba iliyojengwa kwa jasho la marehemu, kwa sababu ya ujanja wa siku moja.

Watetezi wa mipango hiyo, hasa wale wenye fedha za kuajiri washauri, hukimbilia hoja moja: kwamba kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili alipe kodi ndogo. Hoja hiyo ilikubaliwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1935, katika kesi ya Duke of Westminster. Lakini hao hawasemi kwamba mwaka 1981 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya Ramsay, iliamua kuutazama mpango mzima na si kila karatasi peke yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni iliyonunua kambi ya jeshi ya Chelsea, mjini London, kwa pauni milioni 959, haikuweza kuponyoka ushuru wa ardhi kwa kuyapitisha mauzo hayo katika mlolongo wa mikataba. Tanzania nayo, katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, imeipa mamlaka ya kodi uwezo wa kuupuuza mpango uliotungwa kwa ajili ya kukwepa kodi.

Basi mpaka kati ya halali na haramu haufichiki. Kama karatasi inasema kile kilichotendeka, na sheria imetoa nafuu, huo ni uhalali. Kama karatasi inasema zawadi ilhali fedha zimehesabiwa mezani, au inasema milioni 5 ilhali zimetolewa milioni 20, huo ni wizi, hata kama umegongwa mihuri kumi.

Lakini wananchi hawawezi kulaumiwa peke yao. Mtu asiyeelezwa nafuu anazostahili huiona kodi kuwa adhabu, akaikimbia. Ofisa anayemzungusha mwananchi wiki nzima kwa hati moja humfundisha njia ya panya. Yule anayepokea kitu kidogo ili aifumbie macho bei ya uongo ni mshiriki kamili katika wizi huo. Halmashauri, za Itigi na za kwingineko, hazina budi kuhakikisha kwamba viwango vya kodi na misamaha yake vinasomwa katika mikutano ya vijiji na vitongoji, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kubandikwa katika mbao za matangazo.

Reli haijengwi kwa maneno, wala dawa za hospitali hazinunuliwi kwa karatasi za uongo. Anayeuza na auze, anayenunua na anunue, lakini bei iliyotoka mdomoni ndiyo iandikwe katika hati.