Mahakama Haimfundishi Mwandishi Adabu

KAULI YA JUMAPILI
Na Rehema Mbaruku

Gazeti likimchafulia mtu jina, siku hiyohiyo utasikia watu wakisema waandishi wamezidi, sheria ibanwe. Gazeti likiburuzwa mahakamani, sisi wa upande wa pili nasi tunaitaja Marekani kana kwamba ni pepo ya waandishi. Tunabishana miaka nenda rudi, na pande zote mbili zinaamini jambo moja: kwamba sheria ndiyo inayomtia mwandishi adabu. Ukizitazama kwa karibu Marekani na Uingereza, imani hiyo haisimami.

Machi 29, 1960, New York Times ilichapa tangazo la ukurasa mzima la kuchangisha fedha za kumtetea Martin Luther King. Tangazo lilikuwa na makosa. Lilisema King amekamatwa mara saba, kumbe ni mara nne. Lilitaja wimbo ambao wanafunzi wa Montgomery waliuimba, kumbe waliimba mwingine. L. B. Sullivan, kamishna aliyesimamia polisi wa mji huo, hakutajwa jina hata mara moja, lakini alikwenda mahakamani akidai ndiye aliyesemwa. Kati ya nakala zipatazo 650,000, zilizofika jimbo zima la Alabama hazikutimia 400. Mahakama ya jimbo ikaamuru alipwe dola 500,000.

Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo kwa kauli moja. Jaji William Brennan aliandika kwamba kiongozi wa umma hapati fidia kwa uongo ulioandikwa kuhusu kazi yake, mpaka athibitishe kuwa aliyeandika alijua ni uongo, au hakujali kama ni kweli ama si kweli. Anayewajadili wakubwa hakosi kuteleza mahali, na akitozwa kwa kila kosa atanyamaza. Wakati huo wakubwa wa majimbo ya Kusini walikuwa wakizitumia kesi za kashfa kuwafukuza waandishi wa Kaskazini waliofuatilia harakati za Wamarekani Weusi.

Naiunga mkono hukumu hiyo. Ila ndani yake kuna jambo ambalo wanaoishangilia hulipita haraka. Gazeti lilikuwa na habari zake lenyewe kwenye mafaili, na halikuyalinganisha na tangazo kabla ya kulichapa. Mahakama iliona huo haukuzidi uzembe, haukufika kuwa nia ovu, na gazeti likashinda. Kesi ikaisha. Mhariri ambaye hakufungua faili lililo ofisini kwake ameshinda kesi tu. Kazi yake ameifanya vibaya.

Uingereza mzigo uko begani kwa aliyeandika. Anayelalamika hatakiwi kuthibitisha kuwa maneno ni ya uongo. Mwandishi ndiye athibitishe kuwa ni ya kweli. Tangu sheria ya 2013, mlalamikaji naye lazima aonyeshe kuwa amepata madhara makubwa, lakini mzigo wa ukweli haukuhama. Profesa Mmarekani Deborah Lipstadt aliuonja uzito wake. Kitabu chake kilimtaja Mwingereza David Irving miongoni mwa wanaokana mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Irving hakumfuata Marekani. Alimshtaki London, yeye pamoja na wachapishaji wake, Penguin. Mwanahistoria Richard Evans na wasaidizi wake wakalazimika kufuatilia vyanzo vya Irving hadi kwenye nyaraka za asili za Kijerumani, wakaandika ripoti ya kurasa zaidi ya 700. Aprili 2000 Lipstadt alishinda. Penguin ilikuwa na fedha za kupigana. Gazeti la wilayani lingeomba radhi siku ya kwanza, hata kama halikukosea.

Basi kama ukali wa sheria ungezaa adabu, magazeti ya London yangekuwa mfano wa kuigwa. Julai 2011 ilibainika kuwa News of the World, gazeti la udaku lenye umri wa miaka 168, lilidukua simu ya msichana wa shule aliyetoweka na baadaye kukutwa ameuawa, likasikiliza jumbe za sauti alizoachiwa. Lilifungwa ndani ya siku chache. Sheria ya kashfa haikuwa na la kufanya hapo, maana inashughulika na uongo, na yaliyosikilizwa kwenye simu yalikuwa kweli tupu. Udukuzi ulikuwa kosa la jinai tangu zamani, na bado uliendelea kwa miaka. Aliyeuanika alikuwa mwandishi mwenzao, Nick Davies wa Guardian.

Nako Marekani uhuru mpana haukuwaokoa Fox News. Aprili 2023 walikubali kulipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi ya kampuni ya mashine za kura, Dominion. Jumbe zao za ndani zilionyesha watangazaji wakiyadharau madai ya wizi wa kura ambayo kituo kiliendelea kuyapa nafasi hewani.

Kwetu Afrika Mashariki sheria za kashfa tulirithi kwa Waingereza, pamoja na mzigo wake. Kenya ilipiga hatua mwaka 2017, Mahakama Kuu ilipofuta kashfa kama kosa la jinai. Ningependa twende mbele zaidi: anayeandikwa akiwa mwenye cheo, na kilichoandikwa kikiwa kazi yake ya umma, yeye ndiye athibitishe uongo na nia ovu.

Lakini wahariri hatuwezi kuiomba nafuu hiyo mikono mitupu. Kumpigia mtu simu saa moja usiku wakati ukurasa uko njiani kwenda mitamboni, kisha kuandika kwamba "hakupatikana", si kumpa nafasi ya kujibu. Kosa la ukurasa wa kwanza halisahihishwi kwa mistari miwili chini ya matangazo ya vifo. Hakuna sheria itakayotulazimisha kuyaacha hayo, na hatuna haja ya kuingoja. Mbunge anayesimama kutaka sheria ibanwe hatungi hoja zake. Anazikuta kwenye kurasa zetu, katika makosa ambayo simu moja iliyopigwa mapema ingeyazuia.