Utando wa Seli na Kadiri ya Mafuta Yake

Kila mama wa nyumbani ajua ya kuwa mafuta si jinsi moja. Asubuhi ya kipupwe mafuta ya nazi huganda chupani, hata ikabidi kuyaanika juani yapate kumiminika. Na mafuta ya ufuta yaliyo kando yake yangali majimaji. Baridi ni ile ile. Tofauti imo ndani ya mafuta yenyewe, nayo ni tofauti ambayo uhai wa miili yetu umeitegemea.

Mafuta yameundwa kwa minyororo ya kaboni. Katika mafuta ya nazi minyororo iliyo mingi imenyooka kama fito. Hulaliana, ikashikana, ikaganda. Katika mafuta ya ufuta minyororo iliyo mingi imepinda, mfano wa matagaa ya mti: ukiyafunga mzigo hayalaliani, hubaki nafasi, kwa hiyo hayagandi upesi.

Basi kila seli ya mwili imezungushiwa utando wa mafuta. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, waliyatoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakayaona yameenea kiasi cha mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Kwa hayo wakatambua ya kuwa utando una tabaka mbili za mafuta. Wembamba wake ni wa ajabu: tando 200,000 zikipangwa moja juu ya moja zapata kama milimita 1 tu.

Utando huu haufai kuganda, wala haufai kulegea mno. Ukiganda, milango ipitishayo chakula na habari hukwama. Ukilegea, hupitisha visivyopasa kupita. Ndiyo sababu samaki wa bahari za baridi wana minyororo mingi iliyopinda katika tando zao. Na mwaka 1974 mtaalamu Sinensky alionyesha ya kwamba hata bakteria hubadili mafuta ya utando wao kulingana na joto walimo, ili ulaini wake usibadilike.

Sisi wanadamu tunayo kolesteroli pia, ambayo wengi huidhania kuwa ni sumu tupu. Kumbe hukaa katikati ya minyororo: kwenye joto huizuia isilegee, na kwenye baridi huizuia isibanane. Lakini yataka kadiri. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na kila siku hujikunja kupenya vijishipa vyembamba kuliko yenyewe. Mtu akipatwa na ugonjwa mkubwa wa ini, huenda kolesteroli ikazidi katika utando wa chembe hizo. Zikawa ngumu, zikaota kama miiba. Zifikapo kwenye bandama hazipenyi, huvunjwa, na mgonjwa akapungukiwa na damu. Damu ipo, chuma kipo, ila utando umekosa ulaini.

Hatusemi haya ili aliyekatazwa mafuta na daktari apuuze agizo lake. Kolesteroli iliyozidi katika damu huziba mishipa, na hilo ni la hakika. Twasema ili vijana wetu wafahamu ya kuwa kitu kimoja huweza kuwa nguzo ya uhai na pia maangamizi yake, na kinachotenga baina ya mawili hayo ni kiasi chake na mahali kilipo.